MWANAFUNZI NI NANI? SOMO JUU YA JINA, USO NA MKONO WA MTAFUTA ILIMU MTANDAONI

Katika somo letu la leo twataka kulitazama jambo ambalo wazazi wengi wa miji yetu waliona kila siku majumbani mwao, walakini ni wachache wanaosita wakaliuliza. Kijana amekaa pembeni mwa chumba, simu mkononi, waya masikioni. Mama humwuliza, "Wafanya nini?" Naye hujibu, "Nasoma." Jibu hilo huenda likawa kweli, na huenda likawa si kweli, na mara nyingine hata yeye mwenyewe hajui ni lipi katika mawili hayo. Swali letu basi ni hili: mtu anaposoma kwa kupitia kioo cha simu au kompyuta, pasi na mwalimu kumwona wala wenziwe kumjua, ni kitu gani kimfanyacho kuwa mwanafunzi? Na je, jinsi anavyojiona nafsi yake, na jinsi wengine wanavyomtambua, hubadilisha chochote katika ilimu aipatayo?

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni maswali ya watu wa falsafa wasio na kazi. Hatukubaliani naye. Ndani ya swali hili mna haki ya mtoto, mna mali ya mzazi alipaye ada na bando, mna riziki ya vijana wetu, na mna thamani ya kila shahada iliyotundikwa ukutani. Kwa hiyo twamwomba atuvumilie, twende naye hatua kwa hatua.

1. Maana ya mwanafunzi kwa wazee wetu

Kwa wazee wetu mtu hakuwa mwanafunzi kwa kutamka tu. Mtoto alipofikia umri wa kusoma, babake au mjombake alimshika mkono akampeleka chuoni, akamkabidhi kwa mwalimu mbele ya watu. Akapewa ubao wake, akaonyeshwa mahali pake mkekani. Tangu siku ile mwalimu alijua yu wapi katika somo lake, wanafunzi wakubwa walijua ni nani wa kumsahihisha, na mtaa mzima ulijua kuwa mtoto wa fulani amefika juzuu fulani. Akikosa kwenda, palikuwa na wa kumwuliza. Akihitimu, palikuwa na wa kufurahi naye. Uanafunzi wake ulikuwa umewekwa amana kwa watu wengi, naye hata akitaka kuusahau, wao hawakumwacha ausahau.

Mambo yalikuwa hayo hayo katika kazi za mikono. Kijana aingiapo katika kazi ya kuunda majahazi hafundishwi kwa maneno mengi. Hushika ubao fundi akipiga msumari, hutia kalafati katika nafasi za mbao, hutumwa hiki na kile, na polepole hukaribia kazi kubwa. Kisha siku moja watu humwita "fundi", na siku hiyo mikono yake imebadilika na yeye mwenyewe amebadilika pamoja nayo.

Wataalamu wawili, Jean Lave na Etienne Wenger, waliliandikia kitabu jambo hili mwaka 1991. Walitazama washonaji nguo wa Liberia, wakunga wa Yucatan katika nchi ya Meksiko, mabaharia na wakata nyama wa Marekani, na wengineo. Wakafikia rai kuwa kujifunza ni kuingia kidogo kidogo katika jamii ya wajuzi mpaka mtu akawa mmoja wao. Kwa rai hiyo ilimu na nafsi ya mwenye kujifunza haziachani. Ajifunzaye hesabu, pamoja na kuzijua hesabu, huanza kujiona kuwa ni mtu awezaye hesabu. Na asiyejiona hivyo, hata akikariri kanuni zote, huziacha mtihanini. Wazee wetu hawakuandika kitabu juu ya hayo, lakini chuo chao na karakana zao zilisimama juu ya msingi huo huo.

2. Kusoma kwa mbali si jambo jipya

Wako wanaodhani kuwa mashaka haya yameletwa na simu, na kwamba dawa yake ni kuzitupa simu baharini. Hao lau wangeitazama tarikhi wangeona kuwa watu wa ilimu walikwisha kuyajua mashaka ya mtu kusoma bila kuonekana, na wakayawekea taratibu.

Katika mji wa Damascus, baina ya karne ya 12 na karne ya 14, ilikuwa desturi kitabu cha Hadithi kikisomwa mbele ya sheikh, mwandishi mmoja huandika katika kitabu hicho majina ya waliohudhuria. Maandishi hayo yaliitwa samaa, yaani kusikia. Huandikwa jina la sheikh, jina la msomaji, tarehe, mahali, na majina ya wasikilizaji mmoja mmoja pamoja na baba zao. Mtoto mdogo hutajwa umri wake. Aliyekosa kikao huandikwa kuwa amekikosa. Na wako walioandikwa kuwa walisinzia, au kuwa walikuwa wakizungumza na wenziwao! Maandishi hayo yamebaki mpaka leo kwa maelfu, na ndani yake mna majina ya wanavyuoni, ya mafundi, ya wafanya biashara, ya watumwa, ya wanawake na ya watoto.

Tena palikuwa na ijaza za mbali. Bibi Zaynab bint al-Kamal wa Damascus, aliyefariki mwaka 740 wa Hijra (1339), alipokuwa mtoto alipatiwa ijaza na masheikh wa miji mingine, kama Baghdad na Cairo, ambao hakuketi mbele yao. Alipokuwa mtu mzima akawa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi wa zama zake, na wanafunzi wakamwendea makundi kwa makundi. Wanavyuoni walikhitilafiana juu ya ijaza ya asiyehudhuria. Wengine waliikataa, na walioikubali walitaka namna ya kupokea ielezwe wazi: aliyesikia kwa masikio yake aseme amesikia, na aliyepewa ijaza aseme amepewa ijaza, wala asilete tamko la kwanza mahali pa la pili.

Hapa pana funzo kubwa kwetu. Umbali wenyewe haukuhesabiwa kuwa aibu. Aibu ilikuwa kudai kusikia usichokisikia. Na sababu ya kuandika majina kwa uangalifu ule ni kuwa ilimu ilichukuliwa kuwa amana ipitayo katika mikono ya watu wanaojulikana. Jina likiwa la uwongo, mnyororo mzima hukatika. Basi na tuyatazame masomo ya mtandao kwa mizani hiyo hiyo: jina, uso na mkono.

3. Jina

Leo mtu huingia darasani kwa jina na nenosiri. Mashine humtambua ajuaye nenosiri. Mtu mwenyewe haimjui. Kaka akimpa mdogo wake nenosiri, kwa mashine mdogo ndiye kaka. Hii ni tofauti kubwa na mwalimu wa chuoni, ambaye aliijua sauti ya kila mtoto hata akiwa amempa mgongo.

Mwaka 2011 walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kupitia Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani somo la akili mnemba kwa kila mtu duniani, bila malipo. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliolimaliza walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Mwaka uliofuata, 2012, zikaanzishwa Coursera na edX kwa kazi ya namna hiyo, na humo vilevile ikawa waanzao ni wengi mno na wamalizao ni wachache, mara nyingi hata mmoja katika kumi hawafiki. Sababu ni nyingi. Wengine walikuja kuonja tu, wengine walishindwa na kazi na shughuli za nyumba, wengine hawakuwa na msingi wa somo. Lakini sababu moja yatuhusu sana leo: katika umati wa watu laki na zaidi, hakuna amtarajiaye mtu. Akikosa, nafasi yake haionekani kuwa tupu. Mtu aliyezoea kuwa mwanafunzi kwa sababu wengine wamemjua kuwa ni mwanafunzi, hujikuta amepewa kitabu bila ya kupewa mkeka.

Hata hivyo, haitupasi kuusema upande mmoja tu. Jina lililofichika lina manufaa yake. Mwanamke wa makamo aliyeacha skuli akiwa darasa la sita, na sasa ataka kujua hesabu za biashara yake, huona haya kuinua mkono mbele ya vijana wa umri wa mwanawe. Mtandaoni huingia kwa jina lisilomtambulisha, akauliza swali lile lile mara tatu, wala hakuna wa kumcheka. Kadhalika mwenye kigugumizi huandika maneno yake kwa ufasaha kama mwingine yeyote. Bibi Sherry Turkle, mwalimu wa chuo cha MIT cha Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya maisha ya watu katika kompyuta, alieleza jinsi watu wanavyochukua majina na nafsi mbalimbali huko, na jinsi jambo hilo liwezavyo kuwa uwanja wa kujijaribu. Mtu hujaribu kuwa hodari kabla ya kuwa hodari kweli.

Mizani yetu basi ni hii. Jina la kujisitiri wakati wa kuuliza ni kama pazia, na pazia si uwongo. Lakini linapofika jambo la kushuhudia kuwa fulani amejua, pazia hapana budi liondolewe, kwani ushahidi hautolewi kwa mtu asiyejulikana.

4. Uso

Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, skuli zote za Kenya zilifungwa. Madarasa machache yalirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Katika miezi hiyo wenye uwezo walisomeshwa kwa mtandao, na wengi wasiokuwa na simu, umeme au bando walibaki bila chochote. Twalitaja hili kwanza ili tusisahau kuwa kabla ya kuuliza ni mwanafunzi wa namna gani aliye mtandaoni, tumkumbuke yule asiyeweza kufika huko kabisa.

Ama waliofika, mara likazuka jambo la kamera. Walimu walisema, "Nasema na vioo vyeusi." Wazazi wakasema watoto wanalala. Katika Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, walimu wa somo la elimu ya viumbe waliwauliza wanafunzi wao zaidi ya 200 kwa nini hawafungui kamera, wakayatangaza majibu mwaka 2021. Sababu iliyotajwa na wengi zaidi ilikuwa kuona haya kwa sura na umbo lao. Wengine waliona haya kwa watu na mahali palipoonekana nyuma yao, na wengine mtandao wao ulikuwa dhaifu. Uvivu haukuwa jibu la kwanza, kinyume cha dhana ya wengi.

Msomaji wa miji yetu hahitaji kwenda Cornell kuyafahamu haya. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vichache. Nyuma ya kijana asomaye mna mamake apikaye, mna dada asiyejifunika kwa wageni, mna babu mgonjwa kitandani. Kufungua kamera ni kuwafungulia watu arobaini mlango wa ndani. Mwanafunzi mwenye chumba chake na rafu ya vitabu huonekana mwanafunzi kamili. Mwenye kukaa juu ya gunia jikoni huonekana si mtu wa ilimu, hata akiwa na akili kumshinda yule. Na mtoto akiona kuwa nyumba yao yamtia aibu darasani, moyo wake huanza kuliacha darasa kabla ya mwili wake.

Desturi zetu zina jawabu. Wanawake wa pwani wamesikiliza darsa nyuma ya pazia miaka na miaka, na wala hakuna aliyesema kuwa hawakuhudhuria. Walijibu kwa sauti, walituma maswali kwa maandishi, na mwalimu aliwajua kwa majina. Basi mwalimu wa mtandao asiufanye uso kuwa ndio alama ya pekee ya kuwapo. Amwite kila mtu kwa jina lake walao mara moja katika somo. Ampe kazi ndogo ya kuandika papo hapo. Amsikie sauti yake. Akifanya hivyo atajua ni nani aliye nyuma ya pazia na ni nani aliyeondoka akaliacha pazia limetundikwa.

5. Mkono

Sasa twafika katika sehemu iliyo nzito kuliko zote. Jina laweza kufichika na uso waweza kusitirika, na bado mtu akawa mwanafunzi wa kweli. Lakini akiazima mkono wa mwingine, uanafunzi umekwisha.

Si siri tena kuwa maelfu ya vijana wa Kenya wamekuwa wakipata riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na kwengineko insha zao, tasnifu zao, na hata kuwafanyia mitihani ya mtandaoni. Mwanafunzi wa huko hulipa, kazi huandikwa huku usiku kucha, na asubuhi hupelekwa kwa mwalimu kwa jina la aliyenunua. Hata akaunti za kufanyia kazi hiyo hununuliwa na kukodishwa, mtu akaandika kwa jina la mwingine ili kumwandikia mwingine tena. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, ameichunguza habari hii, na mwaka 2024 ikaonyeshwa katika filamu iitwayo The Shadow Scholars. Serikali za nje nazo zimeamka: Australia ilitunga sheria mwaka 2020, na Uingereza mwaka 2022, kuwaadhibu wenye kuifanya biashara hiyo.

Tumewasikia vijana wakijitetea, na inafaa tuwasikilize kwa insafu kabla ya kuwahukumu. Husema: "Sisi tumesoma tukapata shahada, na kazi hapana. Wazee wetu wanatutazama. Twalisoma kweli somo la watu, twafungua vitabu, twaandika kwa jasho letu. Hatukuiba." Maneno haya yana ukweli wa kuumiza. Na ajabu yake ni hii: katika biashara hiyo, ajifunzaye ni yule asiyekuwa na jina darasani, na mwenye jina darasani hajifunzi. Kijana wa Mombasa au Malindi ameandika juu ya uuguzi, juu ya sheria, juu ya tarikhi ya Ulaya, mpaka amekuwa bingwa. Na cheti cha yote hayo kimeandikwa jina la mtu ambaye hatamwona maishani mwake.

Watu wa Mombasa waijua vyema nyumba bila kiwanja. Mtu hujenga kwa mali yake, mawe yake, mabati yake, lakini ardhi ni ya mwingine. Kila mwezi hulipa kodi, na siku mwenye ardhi akisema toka, nyumba haimfuati. Kijana aandikaye kwa jina la mwenziwe amejenga nyumba ya namna hiyo, tena iliyo mbaya zaidi, kwani huyu hawezi hata kusema kuwa nyumba ni yake. Akienda kuomba kazi akiulizwa, "Umefanya nini miaka mitano?" hana la kuonyesha. Ujuzi anao, ushahidi hana. Ameuza insha, na pamoja na insha ameuza jina lake.

Ama madhara kwa wengine, hayo hayahitaji maelezo marefu. Muuguzi ambaye masomo yake yaliandikwa na mwingine atasimama siku moja mbele ya kitanda cha mgonjwa, na pale hapana wa kumwandikia. Mhandisi wa namna hiyo atapiga hesabu za nguzo. Ghishi ya sokoni humdhuru mnunuzi mmoja. Ghishi ya ilimu humdhuru asiyejua kuwa palikuwa na mauzo. Ndiyo maana dini yetu haikutofautisha baina ya kuchanganya maji katika maziwa na kutia jina katika kazi isiyo yako: yote ni khiyana, na kuhitaji riziki hakuigeuzi ikawa halali. Lakini twasema pia kuwa mnunuzi ana dhambi ya kwanza, na jamii inayowaacha vijana wasomi bila kazi haina haki ya kuwatemea mate. Wazazi na matajiri wetu wenye uwezo wa kumwajiri kijana ajuaye kuandika, kuhesabu na kutafsiri, na hawafanyi, nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Tangu mwisho wa Novemba 2022 limeongezeka jambo jingine. Ilipotolewa ChatGPT, kila mwenye simu alipata mwandishi asiyelala wala kudai malipo makubwa. Sasa hata mtoto wa sekondari aweza kuazima mkono. Hapa inatupasa kupambanua. Kuiuliza mashine maana ya neno, au kuitaka ikueleze somo lililokupita kisha ukalisema kwa maneno yako, ni kama kumwuliza mwenzio aliyekutangulia, na sharti lake ni kuhakikisha, kwani mashine hiyo hukosea tena kwa maneno matamu. Lakini kuitaka iandike jawabu ukaliweka jina lako juu yake, ni kusema "nimesikia" ilhali hukusikia. Wale mabwana wa Damascus walimwandika aliyesinzia kuwa amesinzia. Sisi tutamwandika vipi aliyelala fofofo, na mashine ikamjibia?

6. Daftari lisilofutika

Liko jambo jingine ambalo wazazi hawalifikirii. Chuoni kosa la mtoto liliandikwa ubaoni kisha likaoshwa kwa maji. Mtandaoni halioshwi. Mtoto asomapo katika programu ya simu, huhifadhiwa saa aliyoingia, maswali aliyokosa, mara ngapi alirudia, na pengine picha yake na mahali alipo. Baadaye mashine humpanga: huyu mwepesi, huyu mzito. Mtoto akiambiwa kila siku na mashine kuwa yeye ni wa fungu la chini, mwisho hukubali, na akikubali hujifunza kwa kadiri ya fungu hilo. Hivyo utambulisho aliopewa na mwingine huwa ukuta wa ilimu yake.

Nchi yetu ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, nayo yataka ruhusa ya mzazi kabla ya kuchukuliwa habari za mtoto. Mwaka 2023 skuli moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuzitangaza picha za wanafunzi bila ya ruhusa ya wazazi wao. Kwa hiyo mzazi anayo haki ya kuuliza: habari za mwanangu zawekwa wapi, na nani azionaye? Kuuliza huko si utovu wa adabu kwa mwalimu.

7. Yatupasayo

Masomo ya mtandao hayataondoka. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023, nacho chasomesha kwa njia hiyo. Na binti asiyeweza kwenda Nairobi kwa sababu ya mtoto mchanga au ya ada aweza kusoma akiwa Lamu. Hiyo ni neema. Kuikataa ni ujinga, na kuipokea bila taratibu ni ujinga wa pili. Twaona basi mambo manne:

Kwanza, asomaye mtandaoni apewe mkeka nyumbani. Awe na mahali pajulikanapo na saa ijulikanayo, na watu wa nyumba wamwite mwanafunzi katika saa hiyo, wasimtume dukani. Akijulikana kuwa mwanafunzi na wa karibu naye, atajijua.

Pili, wasomao mtandaoni somo moja katika mtaa mmoja wakutane uso kwa uso walao mara moja kwa wiki, msikitini, maktabani au barazani, kila mmoja aeleze alilosoma bila kutazama simu. Asiyeweza kulieleza arudie. Kwa njia hii umati usiojuana hugeuka kuwa halaka.

Tatu, walimu waulize kwa mdomo. Insha yaweza kununuliwa. Jawabu la papo kwa papo halinunuliki kwa urahisi.

Nne, vijana wenye kalamu nzuri waandike kwa majina yao wenyewe, hata kama malipo ni kidogo mwanzoni. Watafsiri, wahariri, wafundishe watoto wa mtaa, waandike habari za mji wao. Shilingi moja iliyo na jina lako yazaa. Kumi zisizo na jina zaliwa siku hiyo hiyo.

Maswali ya mazungumzo

Twayaacha maswali haya kwa wanafunzi wa halaka wayajadili kabla ya somo lijalo. (a) Ni ipi tofauti baina ya kujisitiri jina na kudanganya jina? (b) Mwalimu atamjuaje mwanafunzi asiyemwona, pasi na kuidhili nyumba yake? (c) Ndugu yako amekuja na fedha alizozipata kwa kumwandikia mtu insha, nyumbani hamna chakula. Utamwambia nini, na utamfanyia nini? (d) Je, wewe msomaji, ni nani ajuaye leo kuwa wewe ni mwanafunzi, na ni somo gani uwezalo kulieleza bila kuazima mkono wa mtu wala wa mashine?

Msomaji asiyepata jawabu la swali hili la mwisho asikate tamaa. Na amtafute mtu mmoja, amwambie leo usiku, "Mimi nasoma kitu fulani; niulize juu yake Ijumaa." Hapo atakuwa ameanza. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuwafikia.